Kukagua nyumba na kukadiria kodi yake kwenye tovuti za kaunti, Texas: mwongozo kwa mnunuzi wa mara ya kwanza

Familia inapoanza kutafuta nyumba Houston, Dallas au Fort Worth, maswali mawili huja kwanza: huyu anayeiuza ndiye mwenyewe kweli? Na kodi yake ya mali kwa mwaka ni kiasi gani? La tatu huulizwa na wale waliokwisha kununua: mbona malipo ya mwezi yamepanda ghafla ilhali riba ya mkopo haijabadilika? Yote matatu yana majibu kwenye tovuti za kaunti, na kuyatafuta ni bure. Shida ni kwamba majibu hayako mahali pamoja, na namba inayopatikana kwa urahisi kuliko zote, yaani bili ya mwenye nyumba wa sasa, ndiyo inayowapoteza watu wengi zaidi. Bili ile ni yake. Yako lazima uikokotoe mwenyewe.

Mfano unaotumika hapa ni kaunti ya Harris, yenye sehemu kubwa ya Houston. Texas ina kaunti 254 na sheria ya kodi ya mali ni moja kwa zote. Kinachobadilika ni sura ya tovuti na viwango. Kama unaishi jimbo jingine, usihamishe tarehe wala misamaha iliyotajwa hapa, maana kila jimbo lina yake. Maneno ya Kiingereza yaliyowekwa kwenye alama za mtajo ni yale utakayoyaona kwenye skrini.

Ofisi tatu, kazi tatu

Ofisi ya uthamini, "appraisal district", hukadiria thamani ya kila kiwanja na nyumba na hutunza orodha ya misamaha. Ya Harris huitwa HCAD na tovuti yake ni hcad.org. Haipokei hata senti moja ya kodi. Karani wa kaunti, "county clerk", husajili hati za mauziano, rehani na madai ya madeni. Kwa Harris ni cclerk.hctx.net. Ofisi ya kodi ya kaunti, hctax.net, hutoa bili na kupokea malipo. Viwango vya kodi havipangwi na yeyote kati ya hawa, bali na bodi ya shule, makamishna wa kaunti, baraza la jiji na bodi za wilaya maalumu. Ukijua nani anashika nini, hutapoteza siku nzima kwenye simu ukihamishwa dawati hadi dawati.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Anwani kamili ya nyumba, pamoja na jina la mtaa wa viwanja, yaani "subdivision", ukilipata.
- Jina la muuzaji kama lilivyoandikwa kwenye mkataba, si kama anavyoitwa na watu.
- Karatasi na kikokotoo. Simu inatosha kwa kutafuta, lakini jedwali la viwango husomeka vizuri zaidi kwenye kompyuta.
- Sehemu ya kuhifadhi picha za skrini. Andika tarehe kwenye kila moja, kwa sababu kurasa hubadilika katikati ya mwaka.

Jihadhari na anwani za tovuti. Ukitafuta kwa Google, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kampuni zinazouza taarifa ambazo kaunti huzitoa bure. Andika anwani mwenyewe. Za maeneo mengine yenye Waswahili wengi: Dallas ni dallascad.org, Tarrant (Fort Worth na Arlington) ni tad.org, Fort Bend ni fbcad.org, Travis (Austin) ni traviscad.org, na Bexar (San Antonio) ni bcad.org. Ukiwa kaunti nyingine, anza na texas.gov/propertytaxes uchague jina la kaunti yako.

Hatua kwa hatua

1. Thibitisha kaunti. Jina la mji kwenye anwani halitoshi. Houston imeingia hadi Fort Bend na Montgomery. Mji wa Katy umegawanyika kati ya Harris, Fort Bend na Waller. Ukitafuta nyumba kwenye kaunti isiyo yake, tovuti itasema haipo, nawe utadhani muuzaji ni tapeli. Tazama kaunti kwenye ramani, au mwulize dalali swali hilo moja.

2. Itafute nyumba kwenye hcad.org. Fungua "Property Search" uchague kutafuta kwa anwani. Andika namba ya nyumba na jina la barabara tu. Acha "Street", "Drive", "Lane" na vifupisho vyake, acha "North" na "South", acha namba ya posta. Kadiri unavyoandika machache ndivyo unavyopata. Matokeo yakiwa mengi, chagua kwa macho.

Ukitafuta kwa jina la mmiliki, anza na jina la ukoo, kisha jina la kwanza, bila mkato. Hapa ndipo watu wetu hupotea sana. Mtu mwenye majina matatu, kama ilivyo kawaida kwa waliotoka Kongo au Burundi, huenda ameandikwa kwa mpangilio wowote kati ya ile inayowezekana, kwa sababu karani aliandika kama pasipoti au karatasi za uhamiaji zilivyosema. Jaribu kila jina likitangulia. Jaribu pia lilivyounganishwa kuwa neno moja.

Ukishaipata, nakili namba ya akaunti. HCAD hutumia tarakimu 13 kwa kila kiwanja, na kuanzia hapo namba hiyo ndiyo ya kutumia, si anwani.

3. Usome ukurasa wa nyumba taratibu. Mambo manne ndiyo ya maana.

Kwanza, jina la mmiliki na anwani yake ya posta. Kama anwani ya posta si ya nyumba hiyo, huenda mwenyewe haishi humo: ni nyumba ya kupangisha, au ya kampuni. Si kosa, lakini linganisha na ulichoambiwa. Hata mpangaji anapaswa kufanya ukaguzi huu kabla ya kutoa amana, kwa sababu matapeli hutangaza nyumba wasizozimiliki.

Pili, maelezo ya kisheria, "legal description". Yatasomeka kwa vifupisho kama LT 12 BLK 3, maana yake kiwanja namba 12, kitalu cha 3, kisha jina la mtaa wa viwanja na sehemu yake. Nakili neno kwa neno. Utayahitaji kwa karani.

Tatu, thamani. "Market" ni thamani ya soko kama ilivyokadiriwa kwa hali ya nyumba ya tarehe 1 Januari ya mwaka huo. "Appraised" ni thamani baada ya kikomo cha sheria cha kupanda kwa mwaka kutumika. Zikilingana, hakuna kikomo kinachofanya kazi. "Appraised" ikiwa ndogo kuliko "Market", mwenye nyumba wa sasa ana kinga ambayo wewe hutairithi. Zungushia duara tofauti hiyo.

Nne, misamaha. Tafuta "Homestead", msamaha wa makazi. "Over-65", wa wazee. "Disability", wa wenye ulemavu. Au ule wa askari wastaafu waliolemaa, ambao kwa waliopimwa ulemavu wa asilimia 100 hufuta kodi yote ya makazi yao. Muuzaji akiwa na mmoja wa hii mitatu ya mwisho, bili yake haikufai hata kidogo kama kipimo.

Kabla hujafunga ukurasa, angalia ukubwa wa nyumba kwa futi za mraba, mwaka iliojengwa na vyumba. Chumba kilichoongezwa bila kuandikwa hapo huenda kilijengwa bila kibali cha ujenzi.

4. Zichunguze hati kwa karani. HCAD huonyesha mmiliki kwa ajili ya kodi tu. Ushahidi wa umiliki ni hati iliyosajiliwa kwa karani. Kwenye cclerk.hctx.net fungua kumbukumbu za "Real Property".

Usitafute kwa anwani; kumbukumbu hizi zimepangwa kwa majina na kwa maelezo ya kisheria. "Grantor" ni anayetoa, "Grantee" ni anayepokea. Weka jina la muuzaji kwenye "Grantee" uone alivyoipata nyumba, kisha uliweke kwenye "Grantor" uone kama amekwisha kuihamisha kwa mtu mwingine au kuiwekea rehani. Halafu tafuta kwa kiwanja, kitalu na mtaa, ili uzipate hati ambazo jina lake limekosewa herufi. Hati za karibuni za Harris zina namba inayoanza na RP, ikifuatiwa na mwaka.

Hivi ndivyo vya kutambua:

- "Warranty Deed" au "General Warranty Deed" huhamisha umiliki kwa dhamana kamili ya muuzaji. "Special Warranty Deed" humfunga muuzaji kwa kipindi chake tu.
- "Quitclaim Deed" humwachia mpokeaji chochote ambacho mtoaji anacho, bila kuahidi kwamba ana kitu. Mgeni akitaka kukuuzia nyumba kwa hati hii, simama hapo hapo utafute wakili.
- "Deed of Trust" ni rehani. Jina lake linafanana na hati ya umiliki, na wengi huidhania hivyo. Ukiiona, maana yake kuna mkopo. Mkopo ukimalizika lazima pawe na "Release of Lien" inayoutaja.
- "Lis Pendens" ni taarifa ya kesi inayohusu nyumba yenyewe. "Abstract of Judgment" ni hukumu ya deni dhidi ya mtu. "Mechanic's Lien" ni dai la fundi ambaye hakulipwa. "Federal Tax Lien" ni dai la serikali kuu kwa kodi zake, kama ya mapato.

Usishangae ukikuta hati inasema nyumba iliuzwa kwa dola kumi na malipo mengine yenye thamani. Ni maneno ya desturi ya kisheria. Texas hailazimishi bei ya mauzo itangazwe, ndiyo maana huipati kwa karani wala HCAD. Bei unazoziona kwenye programu za nyumba ni makadirio au bei zilizotangazwa, si bei zilizolipwa.

Ukihitaji nakala iliyothibitishwa, sheria imeweka ada ya dola 1 kwa ukurasa na dola 5 za uthibitisho. Barua inayokutaka ulipe makumi ya dola ili upate "hati yako" inatoka kwa wafanyabiashara, hata kama ina nembo ya tai na maneno makali.

Neno kwa wanaonunua kwa mkataba wa kumlipa muuzaji kidogo kidogo, bila benki. Sheria ya Texas inamtaka muuzaji wa namna hiyo ausajili mkataba kwa karani ndani ya siku 30. Rudi kwenye tovuti baada ya mwezi mmoja utafute jina lako. Usipoliona, mtu mwingine anaweza kuikopea au kuiuza nyumba unayoilipia.

Ukaguzi huu haumwondoi mtaalamu. Kampuni ya hatimiliki huchunguza miaka mingi nyuma na kutoa bima. Wewe unachunguza mapema ili usitumie pesa za ukaguzi na wakili kwenye nyumba yenye matatizo ya wazi.

5. Angalia kama kuna deni la kodi. Nenda hctax.net, weka ile namba ya tarakimu 13. Deni la kodi hufuata nyumba hata ikiuzwa, kwa hiyo ukinunua bila kulisafisha linakuwa lako. Bili hutoka kuanzia Oktoba na mwisho wa kulipa ni Januari 31. Tarehe 1 Februari deni hupanda kwa asilimia 7 (adhabu 6, riba 1), Machi ni 9, Aprili 11, Mei 13, Juni 15, na Julai ni 18. Kuanzia Julai yanaweza kuongezwa malipo ya mawakili hadi asilimia 20 ya jumla.

Tahadhari kubwa: ofisi ya Harris haikusanyi kodi za vitengo vyote. Baadhi ya shule, na wilaya nyingi za maji zinazojulikana kama MUD, zina wakusanyaji wao na bili zao. Ukurasa wa hctax.net unaweza kusema hakuna deni wakati nyumba inadaiwa maelfu kwingine. Uthibitisho wa maandishi ni cheti cha kodi, "tax certificate", ambacho kwa sheria ada yake haizidi dola 10 kwa kila kimoja.

6. Orodhesha vitengo vyote na viwango vyake. Kwenye ukurasa wa nyumba wa HCAD kuna jedwali la "Jurisdictions". Kwa Harris utaona shule, kisha vitengo vitano vya kaunti: kaunti yenyewe, udhibiti wa mafuriko, bandari, hospitali na idara ya elimu. Baada ya hapo huja chuo cha jamii, jiji kama nyumba imo jijini, MUD, na pengine kitengo cha zimamoto.

Viwango huandikwa kwa kila dola 100 za thamani. Kiwango cha 0.90 maana yake ni senti 90 kwa kila dola 100, sawa na asilimia 0.90. Wapo wanaozidisha kwa 0.90 moja kwa moja wakapata namba ya kutisha. Gawanya kwa 100 kwanza.

Angalia pia mwaka wa kiwango. Viwango vipya hupitishwa kati ya Agosti na Oktoba, kwa hiyo Mei unaona vya mwaka uliopita. Kwa makadirio vinatosha. Kuanzia mwanzoni mwa Agosti, hifadhidata ya kaunti inayopatikana kupitia texas.gov/propertytaxes huonyesha makisio ya bili kwa viwango vinavyopendekezwa, pamoja na siku za mikutano ya hadhara.

7. Kokotoa kodi yako. Sahau jumla ya bili ya muuzaji. Anza na thamani ya soko, ondoa misamaha ambayo wewe unastahili, zidisha kiwango cha kila kitengo peke yake, kisha jumlisha.

Msamaha wa makazi kwa upande wa shule ni dola 140,000 kuanzia mwaka wa kodi wa 2025. Kabla ya hapo ulikuwa 100,000. Wenye umri wa miaka 65 au zaidi na wenye ulemavu huongezewa 60,000 upande huo huo. Vitengo vingine huamua vyenyewe, hadi asilimia 20 ya thamani. Kaunti ya Harris na jiji la Houston hutoa asilimia 20. MUD nyingi hazitoi kitu.

Tuseme nyumba ina thamani ya soko ya dola 300,000, nje ya jiji, ndani ya MUD. Viwango hivi ni vya mfano; weka vya nyumba yako.

- Shule, 0.90: 300,000 toa 140,000 ni 160,000. Kodi dola 1,440.
- Vitengo vitano vya kaunti kwa pamoja, 0.62: baada ya asilimia 20 inabaki 240,000. Kodi dola 1,488.
- MUD, 0.60: hakuna msamaha. Kodi dola 1,800.
- Chuo cha jamii, 0.10: bila msamaha kwenye mfano huu. Kodi dola 300.

Jumla ni dola 5,028 kwa mwaka, au 419 kwa mwezi. Usipoomba msamaha, ni 300,000 mara jumla ya viwango 2.22 gawanya kwa 100: dola 6,660, au 555 kwa mwezi. Fomu moja isiyolipiwa ina thamani ya dola 1,632 kila mwaka.

Sasa itazame bili ya muuzaji. Amekaa miaka mingi, na kikomo kimeiweka "Appraised" yake kwenye 220,000. Kwa viwango hivyo hivyo analipa kama dola 3,351. Dalali akikuonyesha hiyo kuwa ndiyo kodi ya nyumba, hadanganyi, lakini wewe utalipa karibu dola 140 zaidi kila mwezi.

Kikomo chenyewe kinafanya kazi hivi: kwa nyumba yenye msamaha wa makazi, "Appraised" haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ukiacha thamani ya kilichojengwa upya. Nyumba ikibadilisha mmiliki, kinga inaisha Januari 1 inayofuata. Ukinunua Juni 2025, kodi ya 2025 bado ina kinga ya muuzaji; 2026 thamani inarudi kwenye soko; na kikomo chako kinaanza 2027, ukiwa umeupata msamaha mwaka 2026. Ndiyo maana pigo huja mwaka wa pili, wakati umekwisha kupanga bajeti. Kwa nyumba zisizo makazi ya mmiliki, zenye thamani isiyozidi takriban dola milioni 5, kuna kikomo cha asilimia 20, ambacho sheria imekiweka kwa miaka ya 2024 hadi 2026.

Ada za chama cha wakazi, HOA, hazimo kwenye hesabu hii wala kwenye tovuti za kaunti. Ziulizie pembeni.

8. Nyumba mpya ihesabu mara mbili. Hakuna kosa linaloumiza familia changa kuliko hili. Nyumba iliyomalizika Mei ilikuwa kiwanja kitupu Januari 1, na bili ya mwaka huo ni ya kiwanja. Kiwanja cha dola 60,000 kwa viwango vya mfano wetu kinatozwa dola 1,332, yaani 111 kwa mwezi. Benki ikiweka akaunti ya eskro, ile inayokukata kila mwezi kwa ajili ya kodi na bima, kwa kufuata bili hiyo, mwaka unaofuata bili halisi ya 5,028 itakuta pengo la dola 3,696.

Pengo likigawanywa kwa miezi 12 ni dola 308, na makato mapya ya kodi yanapanda kutoka 111 hadi 419. Malipo ya mwezi yanaruka kwa dola 616. Bila msamaha wa makazi yanaruka kwa dola 888. Watu wamepoteza nyumba kwa mruko huu.

Kabla ya kutia saini, iulize benki kwa maandishi: eskro mmeikadiria kwa thamani ya kiwanja au ya nyumba iliyokamilika? Wakisema kiwanja, omba ikadiriwe kwa nyumba nzima. Wakikataa, weka tofauti ile mwenyewe kila mwezi kwenye akaunti usiyoigusa.

9. Ukishahamia, omba msamaha wa makazi. Ni fomu namba 50-114, hupelekwa kwa ofisi ya uthamini, hata kwa mtandao, na haina ada. Badilisha kwanza anwani kwenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo; anwani isiyolingana na ya nyumba ndiyo sababu ya kawaida ya kukataliwa. Wasilisha kabla ya Mei 1. Ukichelewa usikate tamaa: sheria huruhusu maombi hadi miaka miwili baada ya siku ambayo kodi ya mwaka huo ilianza kuhesabiwa kuwa imechelewa, na ukikubaliwa unarudishiwa ulichozidisha.

Huombi tena kila mwaka. Ila kila baada ya miaka isiyozidi mitano, ofisi ya uthamini lazima ihakiki kama bado unastahili, na inaweza kukuandikia barua. Ijibu.

10. Soma taarifa ya thamani ya Aprili. Mwisho wa kuweka pingamizi ni Mei 15, au siku 30 tangu taarifa ilipotumwa, ipi itakayokuwa ya baadaye. Kwa HCAD utahitaji namba ya iFile iliyochapwa kwenye taarifa hiyo. Weka alama kwenye sababu zote mbili: thamani imezidi soko, na thamani haiko sawa na ya nyumba zinazofanana. Kwa hii ya pili, rudi hatua ya 2, tafuta nyumba tano hadi kumi za mtaa wako zenye ukubwa na umri unaokaribiana, andika "Market" yao gawanya kwa futi za mraba, ulinganishe na yako. Ushahidi wa ofisi uombe mapema. Wanapaswa kuutoa angalau siku 14 kabla ya kikao.

Mambo yakikwama

*Nyumba haionekani kabisa.* Kaunti si yake, au kiwanja kimegawanywa karibuni na bado kimo kwenye akaunti ya shamba kubwa la mjenzi. Tafuta kwa jina la mtaa wa viwanja au la kampuni ya ujenzi.

*Mmiliki amefichwa.* Sheria huwaruhusu baadhi ya watu, kama polisi na majaji, kuficha taarifa zao kwa ofisi ya uthamini. Tafuta hati kwa karani kupitia maelezo ya kisheria.

*Umenunua na HCAD bado inaonyesha jina la muuzaji.* Mabadiliko huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Hakikisha hati yako imesajiliwa kwa karani. Ikiwepo, umiliki wako uko salama. Lakini hakikisha pia anwani yako ya posta imebadilishwa HCAD, kwa sababu bili itaendelea kumfuata wa zamani, na kutokupokea bili hakufuti adhabu.

*Ukubwa wa nyumba umekosewa.* Piga picha ya ramani ya nyumba au ripoti ya mpimaji, uombe HCAD irekebishe. Futi 200 za ziada kwenye kumbukumbu unazilipia kila mwaka.

*Bili imekuja nyumbani na benki ndiyo hulipa.* Usilipe mara mbili. Mwanzoni mwa Januari ingia hctax.net uone kama malipo yameingia. Kama hayajaingia ifikapo katikati ya mwezi, ipigie benki, na uwape namba ya akaunti. Angalia pia bili ya MUD peke yake, kwani benki huisahau mara nyingi kuliko ile ya kaunti.

*Msamaha umeombwa lakini bili haijapungua.* Tazama HCAD kama "Homestead" imeandikwa kwa mwaka wa bili hiyo, si mwaka unaofuata. Ukiidhinishwa baada ya bili kutoka, bili iliyosahihishwa hutumwa. Ipeleke kwa benki ili eskro ihesabiwe upya.

*Huwezi kulipa yote Januari.* Wenye miaka 65 au zaidi na wenye ulemavu wanaweza kulipa makazi yao kwa mafungu manne bila adhabu, fungu la kwanza likilipwa mapema. Wengine wapige simu ofisi ya kodi kuomba mpango wa malipo kabla ya Julai, kabla malipo ya mawakili hayajaongezwa.